Rotaveta: Kulima na Kutifua

Mkoani Simiyu, jembe la kukokotwa na ng'ombe halihitaji maelezo. Ng'ombe wanavuta, plau linakata udongo na kuupindua, majani yanafukiwa na mizizi inabaki juu juani. Hiyo ndiyo kulima, na trekta kubwa lenye plau la diski hufanya kazi ileile kwa nguvu zaidi. Rotaveta haipindui udongo namna hiyo. Anayetaka kuikodi atayarishe bustani ya nyanya au vitunguu pale Ipililo, mkoani humo, ni vyema ajue tofauti hiyo kabla trekta halijaingia shambani.

Rotaveta ni mhimili uliolazwa, wenye visu vilivyopindwa kama herufi L, unaofungwa nyuma ya trekta. Plau huvutwa tu. Rotaveta huvutwa na pia huzungushwa na injini, kupitia shafti inayotokea nyuma ya trekta. Kwenye matrekta madogo shafti hiyo kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, na giaboksi ya rotaveta hupunguza mwendo huo kabla haujafika kwenye visu. Kila kisu hukata kipande cha udongo na kukirusha kwenye bati la nyuma, kikapasuka. Trekta likienda polepole, vipande huwa vyembamba na udongo hulainika sana. Likikaza mwendo, mabonge hubaki. Kwa hiyo ulaini wa udongo unaamuliwa na dereva, kwa gia anayochagua na kwa kulishusha au kulipandisha lile bati.

Mwanzilishi wake ni Arthur Clifford Howard wa Australia, aliyeanza majaribio mwaka 1912 katika shamba la familia yao huko Gilgandra, New South Wales. Alitaka udongo ukatuliwe bila kukandamizwa, na baadaye akagundua kwamba visu vya umbo la L ndivyo vinavyofaa. Jina la kibiashara la mashine yake, Rotavator, likaenea hadi likawa jina la kila mashine ya aina hiyo. Sisi tumelipokea kwa matamshi yetu: rotaveta.

Wapo wanaosema jembe la kuzunguka, na maneno hayo yanaeleweka. Tatizo liko kwenye pawatila. Tangu kaulimbiu ya Kilimo Kwanza ya mwaka 2009, mashine hizo za magurudumu mawili zinazoongozwa kwa mikono zimejulikana sana vijijini, na nyingi huja na visu vyake vya kuzunguka. Matokeo yake, jina pawatila linabebeshwa mashine nzima na visu vyake pamoja. Mtu akiagiza pawatila akiwa na maana ya rotaveta ya kufunga kwenye trekta la magurudumu manne, ataletewa kitu kingine, na siku ya kazi itapotea. Nashauri tuyatenganishe: pawatila ni chombo kinachotoa nguvu, rotaveta ni zana inayoitumia.

Kitenzi nacho tunacho tayari, na ni kizuri: kutifua. Tunasema udongo tifutifu, yaani uliolegea, unaopitisha maji na mizizi. Tunasema pia kutifua vumbi, na maana zote mbili zinaihusu mashine hii. Udongo wa kichanga wa miinuko, ambao Wasukuma huuita luseni, ukipitishiwa rotaveta mara mbili tatu ukiwa mkavu hugeuka unga. Mvua ya kwanza inaupiga, uso unaganda, na mbegu ndogo kama za mchicha zinashindwa kuchomoza. Pale kupita mara moja kunatosha, tena kwa gia isiyo ya chini mno.

Mbugani mambo ni mengine. Udongo mweusi wa mfinyanzi ukikauka hupasuka nyufa na kuwa mgumu, visu vinadunda juu yake. Ukilowa hunata kwenye visu na mhimili ukavimba tope. Siku za kuufanyia kazi ni chache, kati ya hali hizo mbili. Kipimo ni mkono: chukua udongo wa kina cha visu, ufinyange, kisha uudondoshe. Ukimeguka, ingiza trekta. Ukibaki donge linalong'aa, subiri.

Rotaveta ikipita kina kilekile kila msimu, chini yake hujengeka tabaka gumu lililosuguliwa na visu, na mizizi ya nyanya hugeukia pembeni. Ndiyo maana rotaveta haiondoi haja ya plau. Kwenye ardhi mpya au yenye nyasi nyingi, plau litangulie, mawe na visiki viondolewe, majani yaachwe yaoze, ndipo rotaveta ifuate. Na anayefanya mapatano na mwenye trekta ataje kazi kwa majina yake: kulima kwanza, kutifua kwa kupita mara moja, kina cha sentimita 15, shafti izimwe kila rotaveta inapoinuliwa au mtu anaposogea karibu.