Maji ya mvua na njia ya kushuka mtoni: historia fupi, Kindu hadi Punia

Katika Maniema, kushuka mtoni ni haki ya tangu mababu. Kabla ya reli na motokari, Lualaba ndiyo ilikuwa barabara. David Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871 alikuta soko kubwa kandoni mwa mto, akina mama wakileta bidhaa kwa mitumbwi. Soko hilohilo, tarehe 15 Julai, lilishambuliwa na watu wa wafanyabiashara wa watumwa. Mamia waliuawa, wengi wao wakizama wakijaribu kukimbilia majini.

Mwaka 1911 reli ya Kindu–Kongolo, yenye kilomita 355, ilifunguliwa. Mizigo iliyopanda kwa meli kutoka Ponthierville, yaani Ubundu ya leo, ilishushwa Kindu na kupakiwa kwenye treni. Mji ukazaliwa ukingoni, kisha ukatambaa kwenda juu. Mpaka leo, anayetoka Punia kwa barabara hufikia upande wa Alunguli, halafu anashuka kivukoni avuke kuingia Kasuku au Mikelenge. Kivuko kikiharibika, safari imekatika.

Punia ilikua kwa njia nyingine. Kuanzia miaka ya 1930, makampuni ya bati yalijenga kambi, ofisi na barabara za udongo ndani ya msitu. Mwaka 1976 makampuni hayo yaliunganishwa kuwa Sominki. Bei ya bati duniani ilipoanguka mwaka 1985, kampuni ikadhoofika, na vita vya 1996 vikamaliza kilichobaki. Barabara ilibaki, lakini mtu wa kuzibua mtaro wake akawa hayupo.

Hapo ndipo shida ya leo inapoanzia. Msituni, majani hupunguza nguvu ya mvua na udongo hunywa maji. Penye nyumba na barabara iliyoshindiliwa, maji hayana pa kuingia. Chukua nyumba moja ya mabati, mita 8 kwa 6. Mvua ya milimita 50 ikinyesha, paa hilo peke yake linamwaga lita 2,400. Nyumba 100 zinamwaga lita 240,000, na zote zinatafuta njia moja: ile ambayo watu wamezoea kukanyaga wakishuka kuchota maji, kufua au kupanda mtumbwi. Njia inakuwa mfereji, mfereji unakuwa korongo.

Korongo halikai mahali pamoja. Kila mvua inapiga kichwa chake, udongo unaporomoka, nalo linapanda kuelekea nyumba. Udongo uliobomoka unashuka mpaka ukingoni, unajaza mchanga mahali pa kuegesha mitumbwi. Hivyo jambo moja linaumiza watu wawili: aliye juu anapoteza kiwanja, aliye chini anapoteza kivuko.

Si Maniema peke yake. Utafiti uliotolewa mwaka 2025 katika jarida la Nature ulihesabu makorongo 2,922 katika miji 26 ya Kongo. Watafiti walikadiria kwamba kati ya 2004 na 2023 makorongo hayo yaliwahamisha watu wapatao 118,600, na kwamba mwaka 2023 watu milioni 3.2 waliishi mahali ambapo korongo linaweza kufika. Chanzo kikubwa ni barabara na ujenzi usio na mitaro ya kupeleka maji mahali salama.

Kwa familia zilizokimbia vita, hesabu hiyo si ya mbali. Anayefika mwisho hupewa kiwanja kilichobaki: mteremkoni, au ukingoni kabisa. Mtu aliyehamishwa na risasi anaweza kuhamishwa mara ya pili na mvua. Wengine husema ni wageni walioharibu mteremko, lakini historia inaonyesha mitaro ilianza kuziba zamani, kabla hawajafika. Tena anayejenga ghala kubwa bila mtaro humwaga maji mengi kuliko kibanda cha mkimbizi.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Taifa. Njia ya kwenda mtoni ambayo kila mtu anaitumia si kiwanja cha kuuza, na anayeifunga kwa ukuta au anayeigeuza mfereji wa maji yake anawanyima wote.

Miaka ya 1970 kulikuwa na salongo ya lazima. Wazee wengi hawakuipenda kwa sababu ya amri na faini, lakini mitaro ilizibuliwa. Kazi ile inaweza kurudi bila amri. Kila nyumba ichimbe shimo la kunywesha maji ya paa. Kichwa cha korongo kipandwe mianzi au vetiva, na maji yageuziwe mtaro kabla hayajafika hapo. Takataka zisitupwe korongoni, kwa sababu maji huzizunguka na kula kando. Na korongo lizibwe likiwa bado kina cha goti, kwani likifika kina cha mtu litahitaji mashine na fedha za serikali.

Msimu wa mvua haungoji kikao. Njia ambayo mababu walishukia kwenda sokoni inaweza kuokolewa kwa jembe, kama jembe litatangulia mvua.