Mbao, Sandarusi na Mvua ya Ziwani

Msomaji, ukifika Thimlich Ohinga, katika Kaunti ya Migori, utaona kuta za mawe zilizojengwa bila udongo wala saruji yapata miaka 500 iliyopita. Kuta hizo zingali zimesimama, na mwaka 2018 ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini nyumba za miti na nyasi zilizokuwa ndani yake zi wapi? Mvua, jua na mchwa vimezimaliza. Jiwe hujilinda lenyewe. Mti hauishi ila kwa kutunzwa.

Ubao ukinywa maji huvimba, ukipigwa na jua hunywea, na mwishowe hupasuka au huoza. Kwa hiyo mafundi wa kila nchi walitafuta vazi la kuuvika. Mabaharia wa pwani yetu walipaka vyombo vyao sifa, yaani mafuta ya papa, na sehemu inayokaa majini wakaipaka deheni, ambayo ni chokaa iliyochanganywa na shahamu.

Pwani hiyo hiyo ilikuwa na hazina nyingine, nayo ni sandarusi, utomvu mgumu wa mti wa msandarusi. Iliyo bora ilichimbwa ardhini, mahali ambapo miti ya zamani ilikwisha kufa. Katika miaka ya 1830 na 1840 merikebu za mji wa Salem, Marekani, zilikuja Unguja zikileta nguo, ile iliyopata jina la merikani, na kurudi na pembe za ndovu na sandarusi. Huko Salem sandarusi ilioshwa na kuondolewa ganda lake. Kisha watengenezaji wa vanishi waliiyeyusha kwa moto mkali wa kadiri ya digrii 300 za sentigredi, wakaitia mafuta ya kitani na tapentaini. Vanishi hiyo ilipakwa kwenye magari ya farasi ya matajiri, ikang'aa kama kioo.

Angalia jambo hili vizuri. Mchimbaji wa Mrima aliuza utomvu, hakuuza vanishi. Faida kubwa ilikuwa katika elimu ya kuupika, kuupaka na kuungoja ukauke, na elimu hiyo ilikuwa ng'ambo.

Tena elimu yenyewe ilikuwa nusu yake ni kuijua hewa. Vanishi ya mafuta hukauka kwa kuvuta oksijeni polepole. Baridi na unyevu huichelewesha, na vumbi huishika ingali mbichi. Laka ya Wachina na Wajapani, itokayo katika utomvu wa mti mwingine, ni kinyume chake: huhitaji hewa yenye unyevu ndipo iwe ngumu, hata mafundi huiweka katika makabati yenye unyevu. Baada ya mwaka 1920 viwanda vya motokaa vilieneza laka ya namna mpya, ambayo hukauka upesi kwa sababu kiyeyusho chake huruka hewani. Lakini kiyeyusho kikiruka huchukua joto, kama vile mwili upoavyo mtu atokapo kuoga. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, matone madogo hushuka juu ya ubao uliopoa, na laka huwa nyeupe kama ukungu.

Sasa twende Homa Bay. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuingia nchi kavu. Mawingu hukusanyika alasiri, na mara nyingi mvua hunyesha kabla ya usiku. Kuelekea miinuko ya Kuria, mvua huzidi. Miezi ya Machi hadi Mei ni ya mvua ndefu. Oktoba hadi Desemba ni ya mvua fupi. Kwa hiyo fundi mwenye busara hapaki alfajiri, umande ungalipo, wala hapaki alasiri, mawingu yakikaribia. Hungoja jua likaushe umande, akapaka asubuhi ile, chini ya paa, tabaka jembamba. Likikauka hulisugua kwa msasa, ndipo huongeza la pili. Afanyaye haraka siku ya mvua hulipa kwa kukwangua kazi yote na kuanza upya, na mteja aliyetoa fedha zake hupata kitanda kinachonata au meza yenye mabaka.

Leo vanishi huja katika mkebe, na maneno yaliyoandikwa juu yake ni ya watu wote wa mahali popote. Hayawezi kukuambia mawingu ya Ghuba ya Homa yatafika saa ngapi. Elimu hiyo haiuzwi dukani. Haina budi kutoka kwa macho ya mtu akaaye hapa. Zamani pwani yetu ilitoa utomvu, ikawaachia wengine maarifa. Wewe, kijana, usirudie biashara hiyo. Ukishika brashi au kazi nyingine yoyote, jifunze kwanza hewa ya nchi yako.