Fremu na Karatasi ya Nta: Asili ya Mzinga wa Kisasa

Mtu aendapo kununua mzinga wake wa kwanza, aghalabu huulizwa anataka fremu ngapi, na kama atazitia karatasi nzima ya nta, ama kipande, ama ataziacha tupu. Naye hujibu kwa kadiri ya mfuko wake, pasi na kujua kwamba fremu na karatasi hiyo ni vitu viwili vilivyobuniwa na watu mbalimbali, katika nchi mbalimbali, kwa haja zisizofanana.

Zamani, Ulaya kama kwetu, asali haikupatikana ila kwa kuyakata masega, na huko mara nyingi kundi zima liliuawa kwa moshi wa kiberiti kabla ya kurinwa. François Huber wa Geneva, kipofu aliyewachungua nyuki kwa macho ya mtumishi wake, alitengeneza mzinga wa viunzi vilivyofunguka kama kurasa za kitabu, akatangaza maarifa yake mwaka 1792. Walakini ule ulikuwa mzinga wa kutazamia, si wa kuvunia. Baadaye padri Jan Dzierzon wa Silesia aliweka pau zinazotoka, ila nyuki waliendelea kuyagandisha masega ukutani, na kila pau ilihitaji kisu kabla ya kuinuliwa.

Ufumbuzi ulipatikana Philadelphia, mwishoni mwa Oktoba 1851, kwa mchungaji wa kanisa aliyeitwa Lorenzo Langstroth. Huyu alitambua nafasi. Penye uwazi mdogo kupita kiasi nyuki huziba kwa gundi yao, na penye uwazi mkubwa hujenga sega. Baina ya hayo kuna kipimo cha takriban thumuni tatu za inchi, ambacho wao hukiacha wazi kiwe njia yao ya kupita. Langstroth aliizungushia kila fremu nafasi hiyo, pande zote nne, na tangu hapo sega likatoka na kurudi bila kuvunjika. Hataza yake ni ya tarehe 5 Oktoba 1852, nayo haikumtajirisha, kwani watu waliuiga mzinga wake bila haya.

Karatasi ya nta ilizaliwa Ujerumani mwaka 1857, Johannes Mehring alipoikandamiza nta baina ya mbao zilizochongwa alama za vyumba vya nyuki. Kusudi lilikuwa sega linyooke katikati ya fremu, na nyuki wajenge vyumba vya watenda kazi badala ya vile vya madume, walao pasi na kuchuma. Lakini faida yake kubwa ilidhihiri mwaka 1865, Franz Hruschka alipoonyesha mashine ya kukamua asali kwa kuzungusha. Sega likaweza kurudishwa mzingani likiwa zima, na lililo dhaifu likahitaji uti wa karatasi na nyaya lisipasuke katika mzunguko. Amos Root wa Ohio aliizalisha karatasi kwa roli kuanzia 1876, ikaenea duniani.

Hapo ndipo yalipoingia mambo ambayo mimi nayaona ya kujitakia. Baudoux, Mbelgiji, alishikilia kwamba chumba kikubwa huzaa nyuki mkubwa, na viwanda vikafuata, hata upana wa milimita 5.4 ukawa desturi. Nyuki wetu wa Afrika Mashariki, aachwapo kwa hulka yake, hujenga chumba cha karibu milimita 4.8, basi ampaye karatasi ya Kizungu amempa nguo isiyomkaa. Kadhalika masega yake hukaribiana: milimita 32 kutoka kitovu hadi kitovu, hali fremu za Ulaya zimepangwa kwa 35.

Kwa sababu hiyo mzinga wa pau uliobuniwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, uliacha fremu na karatasi zote mbili: pau ya milimita 32, mstari mwembamba wa nta chini yake, basi. Mwenye nia ya kununua mashine ya kukamulia na anunue fremu zenye nyaya, atafute na karatasi yenye kipimo cha nyuki wa kwake. Lakini anayeponda na kuchuja, na kuiuza nta, kama ile ya Tabora isafirishwayo ng'ambo tangu zama za ukoloni, atatoshewa na ukanda wa nta wa vidole viwili juu ya fremu, mradi mzinga wake usimame sawasawa, kwani sega huning'inia wima, na mzinga ulioinama hulitoa nje ya fremu yake.