Maskati na Matrah
Miji miwili ya pwani ya Omani, majirani kwa umbali wa kilomita tatu hivi, iliyotengwa dahari na majabali makavu yateremkayo hadi baharini, hata msafiri wa kale akaona afadhali kupanda mashua kuliko kuiparamia njia ya mlimani. Maskati, ambayo bandari yake imejificha baina ya miamba, ilikuwa mji wa dola na silaha: Mreno Afonso de Albuquerque aliichoma moto mwaka 1507, na wenziwe wakaikalia, wakajenga ngome za Jalali na Mirani, zisimamazo hata leo, mpaka Imamu Sultan bin Saif al-Yaarubi alipowafukuza mwaka 1650. Matrah ulikuwa mji wa tijara, na huko ndiko misafara ya ngamia kutoka bara ilikokomea, ikapakua tende na kuchukua mchele na nguo za Bara Hindi. Humo Walawatia, wafanyabiashara wa asili ya Hindi, walikaa katika mtaa wao uliozungushiwa ukuta. Kwetu Waswahili jina lililovuma ni la Maskati, kwa ajili ya Seyyid Said bin Sultan aliyehamishia makao yake Unguja. Walakini si insafu kuifanya Matrah kiambata tu, kwa maana sehemu kubwa ya riziki ya mji wa kifalme ilipitia sokoni kwa jirani yake. Malango ya Maskati yaliendelea kufungwa usiku hadi mwaka 1970. Bandari mpya, iliyofunguliwa mwaka 1974, ilijengwa Matrah.