Yadi ya magari ya familia katika mji mdogo: inavyoendeshwa, na inavyoweza kupotea

Kiabakari ni mji mdogo kando ya barabara kuu ya Mwanza–Musoma, katika Wilaya ya Butiama, mkoani Mara. Katika miji ya namna hii, na katika ile mikubwa kidogo kama Bunda na Musoma, muuzaji wa magari kwa kawaida ni mtu mmoja na familia yake. Baba ananunua na kuuza, mama anatunza daftari la fedha, kijana anaosha magari na kwenda kufuata spea, na fundi wa jirani anaitwa gari linapogoma kuwaka. Makala hii inaeleza kazi hiyo inavyokwenda, na kwa nini yadi iliyojengwa kwa miaka 20 inaweza kwisha ndani ya miezi michache mwenyewe anapofariki.

Ilikotoka

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara kubwa ya kuagiza bidhaa iliwekwa mikononi mwa mashirika ya umma, na gari likawa kitu cha kibali na kusubiri. Mlango ulianza kufunguka mwaka 1984, Serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa fedha hizo wamezipata wapi. Pikapu zilizokwisha kutumika zilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuingia kwa wingi.

Magari mengi ya mkononi hutoka Japani, kwa sababu mbili. Kwanza, huko wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani uko kulia. Pili, gari jipya la abiria Japani hufanyiwa ukaguzi wa lazima baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Kadiri gari linavyozeeka gharama za kulipitisha huongezeka, na wenye magari huona heri kuuza. Gari ambalo kwao ni mzigo, kwetu lina maisha marefu mbele.

Hesabu ya gari moja

Mteja akisikia gari limenunuliwa kwa shilingi milioni 10 na linauzwa milioni 22, hudhani muuzaji amekula nusu. Hesabu inaonyesha vingine. Tuchukue gari dogo la injini ya kati ya sisi 1,001 na 2,000, lenye umri wa zaidi ya miaka 10, ambalo thamani yake pamoja na usafiri na bima hadi bandari ya Dar es Salaam ni shilingi 10,000,000:

– Ushuru wa forodha 25%: 2,500,000. Jumla 12,500,000.
– Ushuru wa bidhaa 5% ya jumla hiyo: 625,000.
– Ushuru wa uchakavu 30% ya jumla hiyo: 3,750,000.
– Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) 18% juu ya vyote, yaani 16,875,000: 3,037,500.

Gari limefika shilingi 19,912,500, kabla ya tozo ndogo, usajili, malipo ya wakala wa forodha, na dereva wa kulileta zaidi ya kilomita 1,200 hadi Mara. Viwango hubadilika kwa bajeti za kila mwaka, lakini utaratibu ni huo: kodi moja hupanda juu ya nyingine. Tena, Mamlaka ya Mapato (TRA) ina orodha yake ya thamani za magari, kwa hiyo risiti ya bei ya chini haimpunguzii mtu kodi moja kwa moja.

Kwa sababu hiyo muuzaji wa mji mdogo mara nyingi haagizi mwenyewe. Hununua gari lililokwisha kusajiliwa nchini, au huchukua kwa mali kauli: mwenye gari analiacha yadini, muuzaji analiuza, kisha anarudisha bei waliyokubaliana na kubaki na kilichozidi. Hivyo yadi yenye magari matano inaweza kuwa na mawili tu ya mwenye yadi.

Pikipiki na msimu

Kinachoiweka yadi hai mwaka mzima ni pikipiki. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipozitambua pikipiki na bajaji kama vyombo vya kukodi, kijana asiye na mtaji ameweza kuingia barabarani kwa mkataba. Anakabidhiwa pikipiki, analeta rejesho kila siku au kila wiki, na akimaliza deni inakuwa yake. Mwenye yadi anakuwa mkopeshaji, na dhamana yake kubwa ni kumjua kijana na wazazi wake.

Fedha ya Mara ina majira: pamba ikinunuliwa, samaki wakipatikana, ng'ombe wakifika mnadani, mchimbaji akipata dhahabu. Msimu ukiwa mbaya marejesho husimama, na muuzaji anajikuta amekaa katikati. Wanaomdai wako Mwanza na Dar es Salaam, anaowadai wako kijiweni mbele ya mlango wake. Akimnyang'anya kijana pikipiki, mji wote utajua kabla ya jua kuzama. Akimwachia, shule inadai ada.

Kadi ya gari

Maadamu umiliki haujahamishwa TRA, kadi ya gari inaendelea kusoma jina la zamani. Wengi huuziana kwa karatasi ya mauziano tu, wakikwepa gharama za kuhamisha. Ajali ikitokea, wa kwanza kutafutwa ni yule ambaye jina lake liko kwenye kadi. Muuzaji akifa, mnunuzi aliyelipa kila shilingi anageuka mdai wa mirathi.

Mwenye yadi akifariki

Hapa ndipo familia nyingi huanguka. Ikiwa yadi ilisajiliwa BRELA kama jina la biashara tu, kisheria mali ni ya marehemu mwenyewe. Ikiwa ni kampuni, kampuni haifi. Kinachorithiwa ni hisa. Ukoo wa Karimjee, ulioanza biashara Zanzibar katika karne ya 19 na baadaye kuwa wakala wa Toyota nchini, umeendelea kizazi hadi kizazi kwa njia ya makampuni.

Bila kampuni, ukoo unakaa kikao, unapendekeza msimamizi, na mahakama inamthibitisha. Katika Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni ndani ya miezi 4, isipokuwa mahakama imwongezee muda. Msimamizi si mrithi: kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni na kugawa. Lakini asiyejua lipi ni mali kauli, na kijana yupi amebakiza marejesho mangapi, ataorodhesha nini?

Anayejua ni mjane, kwa sababu daftari ni lake. Hata hivyo, Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, linalohusu sheria za mila za jamii zinazofuata ukoo wa baba, halimpi mjane fungu akiwapo ndugu wa ukoo wa marehemu. Linamwacha atunzwe na watoto wake. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliona kwamba wajane wawili wa Tanzania walibaguliwa kwa mila hizo, ikaitaka nchi izirekebishe.

Upo mlango mwingine. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia kwamba mali iliyopatikana kwa majina ya mume na mke ni yao kwa sehemu sawa, mpaka ithibitishwe vingine. Kiwanja cha yadi chenye majina mawili, au hisa zilizoandikwa kwa wote wawili, humlinda mama kuliko ahadi ya mdomoni.

Yapo mambo ambayo familia inaweza kuyafanya mzee akiwa bado na afya: kila gari la mali kauli liwe na karatasi yenye jina la mwenyewe na bei, kila mkataba wa pikipiki uwe na nakala mbili, kadi ihamishwe siku ya mauzo, wosia uandikwe mbele ya mashahidi. Na daftari lisomwe na zaidi ya mtu mmoja.