Wakipiga simu, nitasema nini?

Wiki jana beshte yangu anayeomba nafasi chuo cha Marekani alinitumia meseji: "Buda, nisaidie. Nimeandika nilikuwa katibu wa klabu yako ya video. Wakikupigia, sema ni kweli." Klabu gani sasa? Ilikuwa mimi, yeye siku mojamoja, na simu yenye kioo kilichopasuka.

Kabla sijamjibu nikazama kwenye historia. (Niliacha chuo, sikuacha kusoma.)

Wasee, hii mambo ya kuulizwa unafanya nini nje ya darasa haikuanza kwa nia safi. Mwaka 1922, zaidi ya mmoja kati ya kila watano waliokuwa wakiingia Harvard alikuwa Myahudi. Rais wa chuo, A. Lawrence Lowell, akataka wapunguzwe. Mpango wa kuweka kiwango wazi ulikataliwa, lakini kufikia 1926 chuo kikaanza kupima "tabia", na mwombaji akatakiwa kuleta picha yake. Alama peke yake hazikutosha tena.

Sasa tabia utaihakikisha vipi? Mara nyingi waliamini tu karatasi. Princeton ilimchukua kijana aliyejiita Alexi Indris-Santana, eti mchunga ng'ombe aliyejisomea mwenyewe, na mbio anazo. Akachelewa kuripoti mwaka mzima, akadai mamake ni mgonjwa. Ukweli ni kwamba alikuwa jela kwa wizi! Jina lake lilikuwa James Hogue, na alianza masomo 1989 akiwa karibu miaka 30. Hakushikwa na ofisi yoyote. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Yale alimwona kwenye mashindano ya riadha akamjua.

Halafu 2019 ikaja ile kesi ya Rick Singer. Wazazi walilipa, watoto wakapigwa picha kwenye mashine za kupiga makasia, na makochi waliotakiwa kuthibitisha ndio walionunuliwa. Kinachoniuma ni hiki: mwalimu mshauri wa shule moja ya Los Angeles aliwaambia USC kwamba anashuku kama msichana huyo anapiga makasia kweli. Baba akaja shuleni kumkaripia. Msichana akaingia chuo.

University of California angalau huchagua baadhi ya waombaji kwa bahati nasibu, inawadai ushahidi, na ukikosa kujibu ombi lako linafutwa. Huku kwetu KUCCPS haikuulizi kama ulicheza drama, inaangalia KCSE tu. Mimi niliyeng'aa kwa drama na kuanguka hesabu nina maoni yangu juu ya hilo, ila si ya leo.

Nikamjibu beshte: "Futa katibu. Andika ulishika taa Jumamosi nne, na ile video ya mama wa mitumba uliihariri wewe hadi saa tisa usiku. Hiyo wakinipigia nitawaeleza hadi wachoke."

Tiki mbili za bluu. Bado hajajibu.