Kabla ya Kanumba, kulikuwa na Kawawa

Keti kijiwe chochote Dar es Salaam, uliza filamu ya Kitanzania ilianza lini. Wengi watakutajia "Girlfriend" ya mwaka 2003, wengine wataanzia kwa mwigizaji Steven Kanumba na kwenda mbele. Ukimtaja Rashidi Kawawa watadhani umechanganya mada. Simba wa Vita, waziri mkuu wa Tanganyika mwaka 1962, anaingiaje kwenye mambo ya waigizaji?

Anaingia kwa sababu alikuwa mmoja wao. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, akiwa kijana mtumishi wa serikali katika shughuli za ustawi wa jamii, aliigiza katika filamu za Kiswahili ambazo serikali ya kikoloni ilizitengeneza kwa kushirikiana na kampuni ya Johannesburg. Kulikuwa na "Muhogo Mchungu", kulikuwa na "Chalo Amerudi", kulikuwa na "Wageni Wema". Steringi, kwa lugha ya kibanda umiza, alikuwa yeye.

"Muhogo Mchungu" ni kisa tunachokijua wote: mtu wa shamba anaingia mjini, wajanja wa mjini wanamchezea. Fundisho la mkoloni limechomoza kama mfupa, kwamba mjini si kwenu, rudini mkalime. Hata hivyo naona kichekesho kikubwa zaidi nje ya filamu yenyewe. Serikali ile ilichukua kijana wa Songea ikamtembeza kwa watu kwenye turubai, na haikupita miaka kumi kijana huyohuyo akakalia kiti cha uwaziri mkuu. Hakuna mgombea aliyewahi kupigiwa kampeni ya namna hiyo na mpinzani wake.

Sinema zenyewe zilizunguka kwa gari. Jua likizama, jenereta linanguruma, shuka jeupe linatundikwa, na watoto waliokosa nafasi mbele wanakwenda kukaa nyuma ya shuka wakatazame picha kinyume. Pembeni husimama mtu na kipaza sauti, akieleza na kufasiri, akitia na chumvi yake. Lufufu, aliyekuja kuwasisimua watu miaka mingi baadaye kwa kuzitia Kiswahili filamu za kigeni, hakuzuka hewani. Kazi ile ilikuwa na wazee wake.

Baada ya uhuru ikaja Kampuni ya Filamu Tanzania, TFC, mwaka 1968. Ikatengeneza "Fimbo ya Mnyonge", filamu ya ujamaa ambayo leo hujulikana zaidi kwa jina kuliko kwa macho. Sitaitetea sana. Inayonikera kwa kusahauliwa ni nyingine, ya mwaka 1985, yenye dakika 36 tu: "Arusi ya Mariamu", iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Mmarekani Ron Mulvihill.

Mariamu anaumwa. Hospitali imeshindwa kumponya, na mumewe anataka ampeleke kwa mganga. Mariamu hataki hata kusikia, kwa sababu utotoni alimpoteza baba yake mikononi mwa uganga. Filamu nyingi zingefanya hapa mashindano ya daktari na mganga, mmoja ashinde, mwingine aaibike. Hii inauacha ugonjwa ukae ndani ya hofu ya mwanamke, kisha inamfuata polepole, kama mtu anayemtoa mtoto chini ya kitanda bila kumvuta mkono. Ouagadougou waliiona, ikazawadiwa kwenye tamasha la filamu la FESPACO. Nyumbani ingeonyeshwa wapi? Kumbi za sinema ziliishi kwa Wahindi na karate, saa mbili na zaidi kwa tiketi moja. Dakika 36 si bidhaa. Televisheni nayo Tanzania Bara haikuwapo hadi mwaka 1994.

Aliyeibeba filamu ile ni Amandina Lihamba, profesa wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2001 akaonekana tena katika "Maangamizi", iliyoongozwa na Martin Mhando pamoja na Mulvihill yuleyule. Safari hii ni mgonjwa katika hospitali ya akili, mwanamke asiyetoa neno kwa miaka mingi. Daktari wake, Asira, ni Mmarekani mweusi, na anayemwigiza ni Barbara O, yule wa "Daughters of the Dust" ya mwaka 1991. Kati yao yupo bibi mmoja ambaye si wa kuandikishwa kwenye daftari la wagonjwa.

Mgonjwa anaitwa Samehe. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa: kila daktari anapomwita mgonjwa wake, anatoa amri ya kusamehe, na bibi wa kizazi kilichopita ndiye Maangamizi. Mtazamaji anayesoma maandishi ya tafsiri chini ya picha hupitwa na jambo hili tangu dakika za mwanzo. Filamu haina haraka, na kuna mahali inaburuta kweli. Lakini mtazameni Lihamba akiwa kimya. Wengi wa wasanii wetu hulia kwa sauti dakika kumi na hawafikishi nusu ya kile anachokifikisha yeye kwa kugeuza shingo.

Hiyo ndiyo filamu ya kwanza Tanzania kuipeleka kushindania Oscar ya filamu za kigeni. Haikuteuliwa, na ilipita miaka zaidi ya 20 kabla ya kupelekwa nyingine, "Vuta N'kuvute" ya Amil Shivji.

Kusahauliwa ni jambo moja, kuoza ni jingine. Mkanda wa filamu una maadui wawili, joto na unyevu, na pwani yetu inavyo vyote. Ukianza kuoza hutoa harufu kali ya siki. Ukifungua kopo ukaisikia harufu hiyo, ujue umechelewa. Chukua filamu za kale kuliko hizo zote: mwaka 1935 hadi 1937, kule Vugiri milimani Usambara, Waingereza walitengeneza filamu 35 za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na mengineyo. Zimebaki tatu. Moja inaonyesha mashamba ya wakulima wa Kingolwira, Morogoro, mwaka 1936. Mtu wa Kingolwira anayetaka kuona alivyolima babu yake, kopo analolitafuta limehifadhiwa Uingereza.